Faini ya Taa

Saa kumi na nusu alfajiri, Rotterdam Kusini.
Mvua si mvua, ni jasho la mbingu tu,
nami juu ya baiskeli, unga wa jana ungali vifundoni mwa vidole,
naenda kuwasha tanuri kabla mji haujaamka na njaa.
Taa yangu ya mbele ilikufa Jumanne.
Leo Alhamisi.

"Simama hapo, bwana."
Konstebo wawili, gari lenye joto,
kalamu isiyojua usingizi.
Yule kijana, Wietske, jina kifuani,
akaandika: hana taa.
Akauliza: una la kusema?

Nilikuwa nalo.
Nilikuwa na mlango wa Bi Machteld, namba sitini na nne,
mshona mapazia, miaka sabini na tisa,
mlango uliolipuliwa usiku wa Jumapili
kwa deni la kokeini la mtu wa namba arobaini na sita.
Walikosea namba. Ndivyo alivyoambiwa,
kana kwamba bomu lilikuwa kifurushi
na tarishi ni mgeni mtaani.
Vioo vilimwagika hadi ndani ya sufuria ya supu ya njegere.
Paka hajarudi.

Nikasema: sheria ni msumeno, sawa,
lakini mbona meno yake yote
yameielekea baiskeli yangu?

Mwenzake akacheka puani. Yeye hakucheka.
"Usipoziba ufa..." akaanza,
nikamkata kauli: mlango wa jirani yangu haukuwa na ufa.
Ulikuwa mlango, kisha ukawa shimo.
Ukuta huo ataujenga nani?

Akafunga kitabu, kidole kikibaki ndani kushika ukurasa.
"Desemba," akasema, "pale kwenye mzunguko wa Maashaven,
msichana wa miaka kumi na minne, koti jeusi, hana taa.
Dereva wa lori alidhani amegonga pipa.
Mimi ndiye niliyepanda ngazi kwenda kubisha hodi.
Baba yake alifungua akiwa na mswaki mdomoni.
Basi niambie wewe, bwana mwoka mikate,
lile lilikuwa kosa dogo?"

Sikuwa na jibu. Sina hata sasa.
Ila hesabu hii naijua:
kwa taa yangu, konstebo wawili;
kwa mlango wa Bi Machteld, alipopiga simu,
muziki wa kusubirishwa, dakika arobaini.

Wiki tatu baadaye zikaja bahasha mbili,
nembo moja, gundi moja.
Yangu: yuro sabini, ulipe kabla ya tarehe kumi na mbili.
Yake: tunasikitika, ushahidi hautoshi, jalada limefungwa.
Aliniomba nimsomee, miwani yake ilivunjika usiku ule.
Nilisoma polepole, kama atembeaye peku juu ya vioo.
"Na wewe," akauliza, "wamekuandikia nini?"
Niliona haya kumwambia
kwamba mimi wamenipata.

Nimelipa. Nimenunua taa,
nzuri, inamulika hadi ng'ambo ya reli ya tramu.
Kila alfajiri nifikapo sitini na nne
inaangaza mbao zilizopigiliwa palipokuwa na mlango,
misumari kumi na minane, nimeihesabu,
na chini yake kibakuli cha maziwa ya paka, yameganda.

Jana Wietske alikuwa amesimama pale,
hana gari, hana mwenzake, hana sare,
mikono mfukoni, akizitazama mbao.
Nikapunguza mwendo.
Akageuka, akaikagua taa yangu kwa mazoea,
akaniruhusu kwa kichwa.

Nikapita, mtu halali kabisa,
mwanga wangu mbele yangu,
na mbao zile zikarudi gizani.